Kibaba na Pishi: Historia ya Kuta za Ukubwa wa Diski Ngumu

Historia ya diski ngumu katika kompyuta za mezani ni, kwa sehemu kubwa, historia ya uhaba wa tarakimu. Diski hugawanywa katika sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data ambavyo kwa miongo kadhaa vilikuwa na baiti 512 kila kimoja, na kila sekta ina anwani ambayo kompyuta huitaja inapotaka kusoma au kuandika. Anwani hiyo hutengewa idadi maalumu ya biti, yaani tarakimu za 0 na 1, na idadi hiyo ikishapangwa, sekta zote zinazohitaji namba kubwa zaidi huwa hazitajiki, hata kama ni nzima. Ndiyo maana kompyuta ya zamani ilipofungwa diski mpya na kuonyesha sehemu tu ya ukubwa wake, aghalabu kilichopungua si nafasi, bali namna ya kuitaja.

Chanzo cha tatizo kimo katika miaka ya 1980. IBM ilipotoa kompyuta ya PC XT mwaka 1983, diski yake ilikuwa na megabaiti 10 tu. BIOS, ambayo ni programu ya msingi iliyomo katika chipu ya kompyuta na ambayo huanza kazi kabla ya mfumo endeshi, ilitaja kila sekta kwa biti 24: biti 10 za silinda, yaani mistari ya duara inayolingana wima katika sahani zote za diski, biti 8 za vichwa vya kusomea, na biti 6 za sekta, ambazo huhesabiwa kuanzia 1 na hivyo kukomea 63. Kwa mpango huo BIOS iliweza kufikia takriban gigabaiti 8.4. Kiolesura cha IDE, kilichobuniwa katikati ya muongo huo na Western Digital, Control Data na Compaq, na ambacho baadaye kilisanifishwa kwa jina la ATA, kilizigawa biti zake 28 kwa namna nyingine: 16 za silinda, 4 za vichwa na 8 za sekta, hata kikaweza kufikia zaidi ya gigabaiti 136. Kila upande, ukiwa peke yake, ulijitosheleza; lakini vilipokutana katika kompyuta moja, kila kipimo kililazimika kufuata upande uliopungukiwa, yaani silinda 1,024 na sekta 63 za BIOS pamoja na vichwa 16 vya ATA, na zao la hesabu hiyo ni baiti 528,482,304. Huo ndio ukuta wa megabaiti 528 uliowakabili watumiaji wa kompyuta katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990.

Dawa ya kwanza ilifanana na desturi ya wapimaji nafaka wa pwani, ambao kwao vibaba vinne ni pishi moja, na mchele haupungui wala hauongezeki kwa kubadilishiwa kipimo. BIOS mpya zilianza kugawa idadi ya silinda na kuzidisha idadi ya vichwa kwa kiasi kilekile, hivi kwamba diski yenye silinda 2,048 na vichwa 16 ilitangazwa kwa mfumo endeshi kuwa na silinda 1,024 na vichwa 32. Hesabu hizo hazikuwa na uhusiano na umbo halisi la diski, lakini jumla ya sekta ilibaki ileile, na pande zote mbili zikaelewana.

Kompyuta ambayo BIOS yake haikuweza kubadilishwa ilihitaji mkalimani wa nje. Programu kama Disk Manager ya Ontrack zilijiandika mwanzoni mwa diski yenyewe, zikapakiwa kabla ya mfumo endeshi, na kushika kazi ya BIOS ya kuhudumia diski. Njia hii ilikuwa na gharama yake, kwa kuwa kompyuta ikiwashwa kwa disketi bila kumpitia mkalimani huyo, diski iliyojaa data ingeweza kuonekana kama tupu au iliyoharibika.

Ukuta wa gigabaiti 8.4 ulivukwa kwa kuacha kabisa hesabu ya silinda na vichwa, na kuzipa sekta namba mfululizo kuanzia 0, mtindo unaoitwa LBA. Hata hivyo namba hizo katika ATA zilikuwa na biti 28, nazo zikafikia kikomo katika gigabaiti 137, hadi sanifu ya ATA-6 ya mwaka 2002 ilipoziongeza kuwa 48. Ukuta huu ulikuwa wa hatari kuliko uliotangulia, kwani mfumo usiozijua biti za ziada ungeweza kuzikata kimyakimya, na data iliyokusudiwa kuandikwa nje ya mpaka ikarudi mwanzoni mwa diski na kufuta yaliyokuwako.

Jedwali la migao la MBR, linaloeleza diski imegawanywaje na lililoanza mwaka 1983, hutumia namba za biti 32, na kwa sekta za baiti 512 hukomea terabaiti 2.2. Jedwali jipya la GPT liliondoa kikomo hicho, lakini Windows XP ya biti 32 haikulifahamu, na kwa ajili ya mifumo ya aina hiyo baadhi ya watengenezaji wa makasha ya diski za nje walirudia hila ya kale: kasha liliitangazia kompyuta sekta za baiti 4,096, na namba zilezile za biti 32 zikatosha kwa zaidi ya terabaiti 17. Pishi ilichukua nafasi ya kibaba kwa mara nyingine, na gharama ikawa ileile, kwa maana diski ikitolewa katika kasha hilo na kuunganishwa moja kwa moja na kompyuta, data yake haisomeki, ingawa hakuna hata baiti moja iliyopotea.