Bi Brofusem Amerudi Kutoka Uingereza

Ndugu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mlioko madarasani: mwaka 1915 Kobina Sekyi wa Cape Coast, katika Ghana ya leo, aliandika tamthilia ya kuchekesha, The Blinkards. Bi Brofusem amerudi kutoka Uingereza, na sasa mumewe lazima aangushe majivu ya sigara juu ya zulia, ati ndivyo wafanyavyo Wazungu! Binti Tsiba, aliyekabidhiwa kwake afundwe kizungu, anachumbiwa na Okadu bila posa. Bibi yake anakuja juu.

Sekyi alifariki 1956. Kitabu kilichapishwa 1974. Naye alisoma falsafa London, hivyo nadhani alijicheka pia. Mimi nilipotoka Chuo Kikuu nilimsahihisha baba, mbele ya wageni, jinsi ya kushika uma. Aliuweka chini, akanawa, akala kwa mkono.