Kazi Iliyomweka Hai Mbwa wa Sledi

Kila mwaka, kuanzia Mei hadi Agosti, helikopta hupaa kutoka Juneau, mji mkuu wa jimbo la Alaska, zikiwa na abiria walioshuka kwenye meli za kitalii asubuhi hiyohiyo. Baada ya dakika chache hutua juu ya barafuto, yaani ule mto wa barafu unaojisogeza taratibu kutoka vileleni kwenda bondeni. Huko hukuta kambi ya mahema, safu za vibanda na mbwa wengi kuliko watu. Mgeni hulipa mamia ya dola ili avutwe na mbwa kwa kilomita chache tu, kisha hurudi melini kabla ya chakula cha jioni. Wapo wanaoibeza safari hiyo. Wanasema ni maigizo, kwamba mila ya kale ya watu wa kaskazini imegeuzwa mchezo wa matajiri. Mimi naona historia inasema jambo jingine. Kwa zaidi ya karne moja mbwa wa sledi wa Alaska amedumu kwa sababu kila kazi yake ilipokufa alipatiwa nyingine yenye malipo. Safari ya barafutoni ni ya karibuni tu katika mlolongo huo, na inafaa kupimwa kama kazi.

Sledi yenyewe ni kongwe mno. Katika kisiwa cha Zhokhov, kaskazini ya Siberia, wanaakiolojia wamechimbua mabaki ya sledi na mifupa ya mbwa ya takriban miaka 9,500 iliyopita, na uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa mbwa hao ni ndugu wa karibu wa mbwa wa sledi wa Greenland wa leo. Miaka kama elfu moja iliyopita, mababu wa Wainuit wa sasa walitoka Alaska na mbwa wao wakasambaa mashariki hadi Greenland. Lakini tusisahau gharama. Mbwa wa baridi kali hula nyama na samaki kwa wingi, na familia iliyoishi kwa uwindaji haikuweza kulisha kinywa kisichofanya kazi. Mbwa alivuta nyama kutoka barafu ya bahari, alihamisha kambi, alinusa tundu la sili. Alikula kwa sababu alizalisha, na waliomfuga hawakuwa na haja ya kuficha hesabu hiyo.

Hesabu iligeuka kuwa ya fedha dhahabu ilipogunduliwa Klondike mwaka 1896 na Nome mwaka 1898. Ghafla maelfu ya wageni walihitaji usafiri katika nchi isiyo na barabara, ambako mito huganda kwa zaidi ya nusu mwaka. Mbwa walinunuliwa, na wengine kuibwa, hadi miji ya kusini. Riwaya ya Jack London ya mwaka 1903, The Call of the Wild, inamhusu mbwa mmoja wa namna hiyo aliyeibwa California. Mwaka 1908 Tume ya Barabara ya Alaska ilituma watu kupima njia ya kwenda Nome kutoka pwani ya kusini, na miaka michache baadaye njia hiyo, iitwayo Iditarod, ilikuwa na nyumba za kupumzikia kila baada ya mwendo wa siku moja hivi. Nyumba hizo zilisimama kwa sababu ya posta. Serikali ilitoa zabuni za kubeba barua, na mwenye zabuni alijua kipato chake cha msimu mzima, kwa hiyo aliweza kufuga mbwa wengi, kununua samaki wakavu wa kutosha na kuifungua njia kila theluji ilipoifunika.

Habari mashuhuri kuliko zote za mbwa hao haieleweki bila posta hiyo. Januari 1925 dondakoo lilizuka Nome, na daktari wa mji, Curtis Welch, akaomba dawa kwa simu ya upepo. Ndege chache zilizokuwapo Fairbanks zilikuwa zimefunguliwa vipande kwa majira ya baridi, na rubani wake angekaa wazi kwenye upepo. Dawa ikapelekwa kwa treni hadi Nenana, kisha waendesha sledi 20 wakapokezana kwa kilomita zipatazo 1,085, huku kipimajoto kikishuka chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Walifika kwa siku tano na nusu, katika njia ambayo barua za kawaida zilichukua zaidi ya wiki tatu. Leonhard Seppala na mbwa wake wa mbele Togo walipita sehemu ndefu na ya hatari kuliko zote. Gunnar Kaasen, aliyeingia Nome tarehe 2 Februari, ndiye aliyesifiwa, na mbwa wake Balto akajengewa sanamu New York mwaka huohuo. Lakini tazama wale wengine ambao majina yao hayatajwi. Wengi wao walikuwa wabeba barua, na wengi walikuwa Waathabaska, wenyeji wa bara la Alaska. Mbwa wao walikuwa wameshiba na kuzoea njia, nyumba za njiani zilikuwa na moto, na kila mtu alijua kipande chake. Ushujaa ulikuwepo, tena mkubwa, ila ulipita juu ya njia ambayo mishahara ya posta ilikuwa imekwisha kuitengeneza.

Njia hiyo ilikuwa tayari inaanza kufa. Mwaka 1924 rubani Carl Ben Eielson alikuwa ameshabeba barua kwa ndege kutoka Fairbanks kwenda McGrath, na zabuni zikahamia angani moja baada ya nyingine. Safari ya mwisho ya posta kwa mbwa ilifanyika mwaka 1963, katika kisiwa cha St. Lawrence, mkabala na Siberia. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 pikipiki za theluji zilienea vijijini, na nyuma ya nyumba ambako palikuwa na mbwa, minyororo ikabaki mitupu. Joe Redington, ambaye jeshi liliwahi kumlipa yeye na mbwa wake kufikia mabaki ya ndege zilizoanguka, aliona kwamba hotuba hazingemrudisha mbwa kijijini. Pamoja na Dorothy Page aliandaa mashindano mafupi mwaka 1967, na mwaka 1973 yakafika hadi Nome kwa jina la njia ile, Iditarod. Mshindi, Dick Wilmarth, alitumia siku 20 na kuondoka na dola 12,000. Yaani Redington alimtafutia mbwa mwajiri mpya, na mwajiri huyo alikuwa mashindano.

Atakayesema kwamba mila ingejiendesha yenyewe hata bila fedha aangalie upande wa pili wa mpaka. Katika Aktiki ya Kanada, miaka ya 1950 na 1960, Wainuit walikusanywa katika makazi ya kudumu karibu na shule na zahanati, na mbwa walioonekana kuzurura walipigwa risasi na polisi na maofisa wengine. Mwindaji aliyeamka bila mbwa hakuweza kwenda kuwinda, na asiyewinda alibaki akisubiri posho ya serikali. Tume ya Ukweli ya Qikiqtani ilikusanya ushahidi huo na kutoa ripoti mwaka 2010. Serikali ya Kanada iliomba radhi kwa Wainuit wa Qikiqtani mwaka 2019, kisha kwa wale wa Nunavik Novemba 2024, ikiahidi dola milioni 45 za Kanada. Hapo mapenzi kwa mbwa yalikuwepo tele, wala ujuzi haukukosekana. Kilichovunjwa ni uhusiano wa mbwa na riziki, na hilo lilitosha.

Sasa turudi barafutoni. Pingamizi la kwanza ni kwamba kule Juneau mbwa wa sledi si mila ya mahali. Ni kweli kabisa. Watlingit, wenyeji wa pwani hiyo, walikuwa watu wa mitumbwi mikubwa ya kuchonga, na mbwa wa kambini hupandishwa kwa helikopta. Anayemwambia mgeni kwamba anaonja maisha ya kale ya wenyeji wa Juneau anamdanganya, na Watlingit wanastahili heshima kuliko hiyo. Lakini mbwa wanatoka katika mabanda ya bara la Alaska, na wengi wa wanaowaongoza ni waendesha sledi halisi, baadhi yao washiriki wa mashindano. Kiangazi bondeni ni moto kwa mnyama mwenye manyoya mazito. Juu kule anaweza kukimbia mwezi wa Julai na kuingia majira ya baridi akiwa na misuli. Na kazi ni kazi kweli. Kila mbwa huvalishwa mikanda yake na kufungwa mahali pake kwenye kamba ndefu ya katikati: wenye akili na utii mbele, wenye nguvu nyuma kabisa karibu na sledi. Wakati huo wote wanabweka na kuruka hewani. Nanga ya chuma iliyokitwa kwenye theluji ikichomolewa, kelele hukatika papo hapo na kamba inakazika. Jioni kinyesi hukusanywa ili kishushwe bondeni kwa helikopta, na kwa kuwa theluji inayeyuka pembezoni mwa vibanda na kuviacha juu ya vichuguu, vibanda huhamishwa tena na tena. Mgeni hulipia nusu saa, na fedha yake hulisha banda mwezi Novemba. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Pingamizi zito zaidi ni la mbwa mwenyewe. Mashindano yameua mbwa. Katika Iditarod ya mwaka 2024 walikufa watatu. Utalii nao una doa lake baya. Mwaka 2010, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi kumalizika Vancouver na wateja kupungua, mbwa wa biashara moja ya safari za sledi katika jimbo la British Columbia waliuawa kwa wingi. Wachunguzi walifukua mizoga zaidi ya 50, na jimbo likaongeza makali ya sheria zake za ukatili kwa wanyama. Siwezi kulikwepa tukio hilo, kwa sababu linatoka ndani ya hoja yangu. Kama ajira ndiyo inayomlisha mbwa, basi ajira ikikoma ghafla mbwa yuko hatarini. Jibu ni kumfunga mwajiri kwa sheria: ahesabiwe mbwa wake, akaguliwe, na alazimike kuwatunza wazee wasioweza kuvuta tena. Kuifuta kazi yenyewe ni kurudia kilichotokea Aktiki ya Kanada, hata kama nia ni njema.

Kuhusu mafuta yanayochomwa na helikopta na meli, sina utetezi. Moshi huo unachangia joto linaloila barafu ileile, na wakazi wa Juneau wamelalamikia makelele kwa miaka mingi. Tangu 2024 mji una makubaliano ya kupokea meli kubwa zisizozidi tano kwa siku. Kupunguza wageni ni haki yao. Wajue tu kwamba mashindano pekee hayatoshi tena. Samaki aina ya salmoni wa mto Yukon, waliokuwa chakula cha mbwa kwa vizazi, wamepungua hadi uvuvi ukafungwa, na gharama ya chakula imepanda. Mwaka 2023 Iditarod ilianza na waendesha sledi 33, pungufu ya wale 34 wa mwaka 1973.

Kwa hiyo msomaji atakayefika huko asione haya kupanda sledi, bali aulize maswali matatu kabla ya kulipa: mbwa hawa ni wa nani, wanakaa wapi majira ya baridi, na wakizeeka wanapelekwa wapi. Mwendesha sledi anayewapenda atayajibu huku akiwataja kwa majina. Akibabaika, rudisha fedha mfukoni.