Malisho ya Mushaki na Hesabu za Msitu wa Walikale

Ukitoka Sake, ukingoni mwa Ziwa Kivu, barabara ya Masisi inapanda kwa kona kali mpaka Mushaki, na ukishafika juu unaona majani tu. Malisho yamefunika vilima hadi kileleni. Ng'ombe wametawanyika, mikaratusi imesimama kwa safu kwenye mipaka ya mashamba, na jibini la duara la huku ndilo linaloshushwa kuuzwa Goma. Wageni husema ni Uswisi ya Afrika, na sifa hiyo imewafanya wengi wasiulize kilima kirefu namna hii, karibu na ikweta na chenye mvua tele, kilipaswa kuwa na nini. Kilipaswa kuwa na msitu wa milimani na mianzi yake.

Wa kulaumiwa si mwenye shoka peke yake. Mwaka 1925 Wabelgiji walitenga Hifadhi ya Albert, hifadhi ya taifa ya kwanza barani, ambayo leo tunaiita Virunga. Miaka mitatu baadaye wakaunda Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, ya kusimamia ugawaji wa ardhi kwa walowezi. Kwa hiyo mlima mmoja ulilindwa na sheria kwa ajili ya gorila, na wa jirani ukagawiwa. Kuanzia 1937 serikali hiyohiyo ya kikoloni ilihamisha familia kutoka Rwanda na kuzileta Masisi, hasa Gishari, kwa mpango uliojulikana kama MIB. Hadi 1955 walihamishwa watu wapatao 85,000. Mashamba ya walowezi yalitaka vibarua, na kila familia iliyoshushwa ilipaswa kufyeka pa kulima. Mwanahistoria Bucyalimwe Mararo aliieleza migogoro ya ardhi iliyotokana na sera hiyo katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Indiana ya mwaka 1990.

Kisha ikaja 1973. Rais Mobutu alitaifisha mashamba ya wageni, na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai ikatamka kwamba ardhi yote ni mali ya dola. Haki za kimila ziliahidiwa amri ya rais ya kuzifafanua, na amri hiyo haikutolewa. Mwenye njia Kinshasa alirudi na hati ya kilima kizima, na aliyelima hapo kwa idhini ya mwami, chifu wa kimila, akaamka mvamizi. Malisho hayahitaji mikono mingi. Waliobanwa walitafuta ardhi kwingine, wengine wakashika njia ya magharibi, kwenye pembe za msitu wa Walikale.

Hapo ndipo wataalamu wa modeli za upotevu wa misitu wanapoingia, na wamechelewa. Kazi yao si ya uchawi. Wanachukua picha za setilaiti za miaka miwili tofauti, wanazigawa katika vipande vya mita 30 kwa 30, wanatazama kipande kipi kilikuwa msitu na sasa si msitu. Kompyuta inatafuta kilichofanana kati ya vipande vilivyopotea: umbali kutoka barabarani na kijijini, mwinuko, mteremko, wingi wa watu. Kanuni ikipatikana, inasukumwa mbele miaka ishirini au thelathini, nayo ramani inaonyesha rangi nyekundu pale hatari ilipo. Ramani ya hatari huwekwa juu ya ramani ya gorila na ya hewa ukaa, na palipo na thamani kubwa na hatari kubwa ndipo pa kupewa kipaumbele.

Tatizo ni kwamba setilaiti ya kwanza ya Landsat, mfululizo unaotoa picha hizo, ilirushwa 1972. Kwa modeli, kilima kilichokuwa tayari malisho katika picha yake ya mwanzo hakijawahi kupoteza mti. Historia nzima niliyoisimulia haimo kwenye hesabu. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa takriban asilimia 84 ya msitu ulioharibiwa katika Bonde la Kongo kati ya 2000 na 2014 ulikatwa na wakulima wadogo wasio na mashine. Siipingi takwimu hiyo. Lakini inahesabu panga lililokata, haisemi mwenye panga alitolewa wapi.

Barabara nayo ina visa vyake. Modeli karibu zote zinaamini kuwa barabara ikifika, msitu unarudi nyuma. Pale Kilambo, karibu na mji wa Walikale, kipande cha lami cha njia ya Kisangani kiligeuzwa uwanja wa ndege. Baada ya madini ya bati kugunduliwa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale, mwaka 2002, wabebaji waliyatoa msituni kwa mguu, gunia mgongoni, na ndege ndogo zikatua juu ya lami kuyapakia. Umbali wa barabara ungekuambia Bisie ni salama. Tena watu hawahamii wanapotaka tu: Mushaki yenyewe imepiganiwa Desemba 2007 na tena Februari 2023, na kila mara vijiji vimehama kwa siku moja.

Gorila wa Grauer, anayeishi mashariki mwa Kongo tu, aliingizwa 2016 katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na Walikale ni mojawapo ya ngome zake. Agizo la tarehe 2 Agosti 2014 linaruhusu jamii kupewa msitu wao wa kimila, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda, na jamii za Walikale zimeitumia nafasi hiyo. Katika kupanga kipaumbele, mimi ningeanza na zile zilizo upande wa Masisi, penye mwami mwenye neno lake na tajiri mwenye hati yake juu ya ardhi ileile, kabla ya zile za ndani kabisa. Wapo watakaosema ukingo umeshaharibika, heri fedha ziende kwenye kiini kizima. Kiini kina ulinzi wa umbali, angalau kwa sasa. Ukingoni, hati ya jamii na hati ya ng'ombe zinakimbilia ofisi moja, na modeli haina safu ya kuonyesha ipi itafika kwanza.