Amri za skrini nyeusi kwa wanaotunza seva: zipi zinahimili umeme wetu na bando zetu?

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Siku hizi kuna vijana kibao, hapa Kihesa na mitaa mingine ya Iringa mjini, wanaotunza seva za watu: ya shule, ya saccos, ya duka la jumla, tovuti ya gesti. Wengi wamejifunza kwa video za watu wenye umeme saa 24 na intaneti ya kumwaga. Sisi hali yetu tunaijua. Bwawa la Mtera liko hapo mpakani mwa mkoa wetu na Dodoma, lakini mgao wa 2006 na wa 2011 haukuangalia ujirani. Kwa hiyo hapa nimechagua kwa kigezo kimoja: umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya kazi, amri hiyo inaendelea pale ilipoishia au inakurudisha mwanzo?

Zote ni za bure. Kwenye Ubuntu na Debian unazipata kwa apt, na mwenye Windows atumie WSL.

Ya kwanza kabisa ni screen. Umeingia kwa ssh kwenye seva iliyoko Dar au Ulaya, umeanzisha kazi ya saa mbili, tuseme kusasisha mfumo mzima. Mtandao ukikata, mara nyingi kazi uliyoianzisha inakufa pamoja na muunganisho wako, na mfumo uliosasishwa nusu unaweza kugoma kuwaka tena. Dawa ni kuanza hivi:

screen -S kazi

Hapo kazi inakaa kwenye seva yenyewe, haijali kama wewe upo au haupo. Umeme ukirudi unaingia tena, unaandika screen -d -r kazi, unakuta mambo yanaendelea au yameshaisha. Screen ni ya mwaka 1987, mzee kuliko wengi wanaoitumia. Tmux ya 2007 inafanya kazi hiyohiyo (tmux new -s kazi, kurudi tmux attach -t kazi). Chagua moja uizoee, ubishi wa ipi ni bora hauna faida. Ila muelewe: hii inakuokoa umeme ukikatika kwako. Ukikatika kwenye seva, screen nayo imekwenda.

Sasa rsync, na hapa ndipo pesa ya bando ilipo. Waliitoa Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia mwaka 1996. Ujanja wake ni huu: faili la upande wa pili linagawanywa vipande, kila kipande kinapewa alama fupi, alama zinatumwa badala ya data. Upande wako unalinganisha na kutuma vile tu vilivyobadilika. Databesi ya GB 2 ambayo leo imeongezewa mauzo ya siku moja haihitaji kutumwa yote.

rsync -avz --partial --progress /srv/data/ mtumiaji@seva:/akiba/data/

Hiyo --partial ndiyo inayobakiza kipande kilichofika, ili ukirudia amri usianze upya. Mambo mawili yanawaangusha watu. Mkwaju ule wa mwisho baada ya data: ukiuweka unatuma vilivyomo ndani ya folda, ukiuacha unatuma folda yenyewe na unakuta data ndani ya data. Halafu kuna --delete, inayofuta upande wa pili chochote ambacho kwako hakipo. Kabla ya kuitumia ongeza -n, itakuonyesha tu ingefanya nini bila kugusa kitu. Fikiria diski yako imekufa, folda iko tupu, na amri ya usiku ina --delete: nakala ya akiba inafutwa na mtu aliyeiweka ili imwokoe.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi: ukiibana databesi kwa gzip kabla ya kutuma, badiliko dogo mwanzoni linavuruga faili lote linalofuata, na rsync inalazimika kutuma karibu lote. Acha bila kubana, -z itabana njiani, au tumia gzip --rsyncable.

Kwa kupakua mafaili makubwa kutoka kwenye tovuti, wget -c au curl -C - zinaendelea zilipoishia, mradi seva ya huko inaruhusu. Ukimaliza pima kwa sha256sum.

Ya kumaliza ubishi ni mtr. Mteja anasema seva imekufa, mtoa huduma anasema kwetu kuko safi. Andika:

mtr -rwc 100 anwani

Utaona kila kituo njiani, asilimia ya data inayopotea na muda wa kwenda na kurudi. Kituo cha katikati kikionyesha hasara lakini vinavyofuata viko sawa, achana nacho, rauta nyingi hazijali kujibu. Hasara inayoanzia mahali na kuendelea mpaka mwisho ndiyo tatizo. Ikianzia mstari wa kwanza, ni rauta yako mwenyewe, usimpigie mtu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba, Tanzania tukiwemo. Siku kama ile kuzima na kuwasha rauta ni kujichosha. Wakongwe wanakumbuka kabla Seacom haijafika Dar Julai 2009: satelaiti iko kilomita 35,786 juu, swali na jibu karibu nusu sekunde hata kama kila kitu kiko sawa.

Diski ikijaa: df -h, kisha du -xh --max-depth=1 /var | sort -h, mnene anakaa chini.

Mwisho, seva iliyopo ofisini kwenu ikiwa inazimika ovyo na bosi hataki kununua UPS, mpe ushahidi. journalctl --list-boots inaorodhesha kila mara ilipowaka, kama kumbukumbu zinahifadhiwa kwenye diski. journalctl -b -1 -n 20 inaonyesha mistari 20 ya mwisho kabla ya kuzimika mara iliyopita. Iliyozimwa kistaarabu ina mistari ya huduma kusimamishwa moja moja. Iliyokatiwa umeme inakatika ghafla, mara nyingi katikati ya shughuli. Na UPS ikipatikana, chukua yenye waya wa USB, sakinisha NUT, ili seva ijizime yenyewe kabla betri haijaisha. UPS isiyoongea na seva inachelewesha tu kuzimika kwa ghafla.