Kaburi la Panzi, Shairi la Mbwa

Love That Dog, kitabu cha watoto alichokitoa Sharon Creech mwaka 2001, ni riwaya ya mistari mifupi kuhusu Jack, mvulana anayefundishwa ushairi darasani huku moyoni akificha kifo cha mbwa wake, Sky. Ni rahisi kukiona kuwa kitu kipya kabisa. Lakini kumlilia mnyama kwa shairi ni desturi kongwe. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Anyte wa Tegea, mshairi wa Ugiriki, alitunga beti chache kuhusu Myro, msichana aliyewajengea kaburi moja panzi na nyenje wake huku machozi yakimtoka. Catullus wa Roma akamwombolezea shomoro wa mpenzi wake. Mwaka 1747, paka wa mwandishi Mwingereza Horace Walpole alizama katika chombo cha samaki, na mshairi Thomas Gray akamtungia shairi. Msiba basi haukuwa mpya. Kilichobadilika ni mwenye kalamu. Machozi ni ya Myro, maneno ni ya Anyte. Kwa Gray hata machozi hayapo: kifo cha paka ni utani wa watu wazima, na mwishoni wanawake wanapewa onyo.

Kalamu haikumfikia mtoto kwa bahati. Mwaka 1968 mshairi Kenneth Koch alianza kufundisha utunzi katika shule ya msingi P.S. 61, New York, na katika kitabu chake cha 1973 alieleza alivyowasomea watoto mashairi ya akina William Blake na William Carlos Williams, kisha akawaachia wachukue wazo la shairi na kulitia mambo yao. Mwalimu wa Jack, Miss Stretchberry, anapita njia hiyohiyo. Jack anasomewa shairi la Williams la mwaka 1923 kuhusu toroli jekundu, na haoni lina maana gani. Hata hivyo analiazima umbo, na ndani yake anaweka gari la buluu lililotapakaa matope, likija kasi barabarani. Mbwa hajatajwa. Msomaji anaona gari tu, na katika hadithi itapita miezi kabla hajajua lilifanya nini.

Wapo watakaosema riwaya hii ni nathari iliyokatwakatwa. Ubishi huo tunaujua: waliodai vina na mizani waliuelekeza kwa Kichomi, diwani ya mshairi Kezilahabi ya mwaka 1974. Lakini jaribu kuunganisha mistari ya Jack iwe aya. Utapata mvulana anayesimulia bila kukwama, na huyo si Jack. Mstari unakatika pale anaposhindwa kuendelea. Ukiondoa mkato, umeondoa huzuni yenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Creech, aliyezaliwa mwaka 1945, ni mtu mzima, kwa hiyo sauti ya mtoto bado ni ya kuazimwa kama ilivyokuwa kwa Anyte. Kweli, Jack ametungwa. Ila mtoto anayekisoma kitabu hakutungwa, na Creech amemfikiria: hadithi ikiisha, kurasa za mwisho zinambebea mashairi waliyoyasoma darasani, toroli jekundu likiwamo, ayachukue na kutia ndani yake mnyama wake mwenyewe.