Novemba mjini New York: Mbio zilizoanza kwa dola moja



Neno vuli sisi tunalijua kwa mvua. Ni zile mvua chache za kati ya Oktoba na Desemba, ambazo mkulima hupandia mazao ya muda mfupi huku akiyatazama mawingu kwa wasiwasi. Watunga kamusi walipotafuta neno la kuyaita majira yale ya Ulaya na Marekani ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, waliazima vuli yetu hiyo hiyo, kwa sababu miezi inakaribiana. Lakini mambo yenyewe hayafanani. Wamarekani huyaita majira hayo kwa neno lenye maana ya kuanguka basi, na mtu aliyepita katika bustani ya Central Park, jijini New York, siku za mwanzo wa Novemba atakubali kwamba neno hilo linatosha. Miti imekuwa ya manjano, mingine myekundu kama moto, na chini kumetandikwa majani mpaka njia haionekani.

Wageni hulipenda jiji hilo wakati huo. Joto la Julai limekwisha na baridi ya Januari haijafika. Wapo wanaokwenda kutazama maandamano ya vinyago ya Oktoba 31, yaliyoanzishwa na fundi mmoja wa vinyago, Ralph Lee, mwaka 1974. Wapo wanaosubiri gwaride la duka la Macy's, mwishoni mwa Novemba, ambalo lilianza mwaka 1924 kwa wanyama walioazimwa kutoka bustani ya wanyama. Mabaputi makubwa yakaanza kutumika mwaka 1927, na gwaride zima likasimamishwa kuanzia 1942 hadi 1944 kwa kuwa mpira ulihitajika vitani. Mgeni akiona shamra shamra hizo hudhani zimekuwapo tangu enzi za mababu, kumbe nyingi ni za juzi tu.

Hata bustani yenyewe ni vivyo hivyo. Ukiitazama Central Park unaweza kuapa kwamba ni kipande cha msitu wa asili ambacho mji ulikizunguka. Sivyo. Olmsted na Vaux walishinda shindano la kuichora mwaka 1858, na baada ya hapo maziwa yakachimbwa, miamba ikalipuliwa kwa baruti na udongo ukaletwa kwa mikokoteni. Tena pale hapakuwa patupu. Upande wa magharibi palikuwa na kijiji kilichoitwa Seneca Village, ambako watu weusi huru walianza kununua viwanja mwaka 1825. Kufikia mwaka 1855 kilikuwa na watu wapatao 225, wengi wao weusi, pamoja na Wairishi, na kilikuwa na makanisa matatu na shule.

Naomba msikilizaji alitilie maanani neno hilo, kununua. Sheria ya jimbo la New York ya wakati ule ilisema kwamba mtu mweusi hawezi kupiga kura mpaka awe na mali ya thamani ya dola 250, sharti ambalo mzungu alikuwa ameondolewa. Kwa hiyo kiwanja pale hakikuwa mahali pa kulala tu, kilikuwa kura. Mwaka 1857 wote waliondolewa ili bustani ijengwe. Wenye viwanja walilipwa fidia, wengine wakilalamika kwamba haitoshi, lakini kijiji hakikuhamishwa kama kijiji. Watu walitawanyika na jina likasahauliwa kwa zaidi ya miaka 100. Mabango ya kueleza habari zao yaliwekwa mahali hapo mwaka 2019.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kulizungumza kama la nyumbani, nalo ni mbio za marathoni za New York, zinazokimbiwa Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Mbio hizo zilianza Septemba 13, 1970, humo humo ndani ya Central Park, wakimbiaji wakizunguka bustani mara nne na ushei. Kiingilio kilikuwa dola moja. Walijiandikisha watu 127, wakamaliza 55. Mshindi, Gary Muhrcke, alikuwa askari wa zimamoto aliyetoka kazini usiku wa kuamkia siku hiyo. Zawadi zilikuwa saa za mkono za bei nafuu, na vikombe vya zamani vya michezo mingine vilivyotumiwa tena. Mmoja wa waandaaji alikimbia pia na kushika nafasi ya 45. Huyu aliitwa Fred Lebow, mzaliwa wa Arad, Romania, Myahudi aliyenusurika vita na kufika Marekani akafanya biashara ya nguo. Kumbukeni jina hilo.

Mwanamke mmoja tu, Nina Kuscsik, alianza mbio za mwaka ule, naye aliugua njiani. Mwaka 1972 alirudi, na safari hii chama cha riadha kilikuwa kimeamuru wanawake waanze dakika 10 kabla ya wanaume, ili isionekane kwamba wanashindana pamoja. Bunduki ikalia. Wanawake sita wakaketi chini pale pale kwenye mstari, wakakaa dakika zote 10, kisha wakainuka na kuondoka pamoja na wanaume. Waliongezewa dakika 10 katika muda wao, lakini amri ile haikudumu.

Mwaka 1975 jiji la New York lilibakiza kidogo kufilisika. Wafanyakazi wa jiji waliachishwa kazi kwa maelfu, uhalifu ukazidi, na watu waliokuwa na uwezo wakahamia nje ya mji. Katika hali hiyo mtu mmoja, George Spitz, akatoa wazo kwamba mwaka 1976, Marekani ikitimiza miaka 200, mbio zitoke bustanini na kupita katika wilaya zote tano za jiji. Percy Sutton, kiongozi mweusi wa wilaya ya Manhattan, akalipigia debe wazo hilo. Lebow mwanzoni hakulipenda. Lakini likafanyika, na watu zaidi ya 2,000 wakakimbia kutoka Staten Island, kupitia Brooklyn, Queens, Manhattan na Bronx, mpaka Central Park. Bill Rodgers alishinda kwa saa 2, dakika 10 na sekunde 10, na aliporudi kutafuta gari lake akakuta limekokotwa na wakubwa wa maegesho. Kwa maoni yangu faida kubwa ya siku ile ilikuwa nyingine: mitaa ambayo magazeti yaliitaja kwa habari za moto na mauaji tu ilijaa watu waliotoka nje kushangilia wasiowajua.

Mwaka 1987 Ibrahim Hussein wa Kenya akawa Mwafrika wa kwanza kushinda. Miaka miwili baadaye, Novemba 1989, ikawa zamu ya Juma Ikangaa, mwanajeshi wa Tanzania. Ikangaa alikuwa mtu mdogo wa kimo, na hakuwa na tabia ya kujificha nyuma ya wenzake akisubiri mwisho. Alikwenda mbele na aliyetaka kumfuata na amfuate. Mwaka 1988 mtindo huo ulimponza kule Boston, ambako Hussein alimpita kwa sekunde moja. New York hakupitwa. Alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, akimwacha Mmarekani Ken Martin kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Rekodi hiyo ya njia ilidumu miaka 12, mpaka Tesfaye Jifar wa Ethiopia alipoivunja Novemba 2001, jiji likiwa bado katika msiba wa Septemba 11.

Baada ya Ikangaa hakuna Mtanzania mwingine aliyeshinda New York. Wakenya hawakukoma. Tegla Loroupe alishinda mwaka 1994 na 1995, na umaarufu alioupata akautumia nyumbani kuandaa mbio za amani kati ya jamii zilizokuwa zikiibiana mifugo na kuuana. John Kagwe alishinda 1997 huku kamba ya kiatu ikimfungukia mara mbili. Mwaka 2005 Paul Tergat alimshinda Hendrick Ramaala kwa chini ya sekunde moja. Mary Keitany ameshinda mara nne. Novemba 2025 Benson Kipruto alishinda kwa wanaume, na kwa wanawake Hellen Obiri akavunja rekodi ya Margaret Okayo iliyokaa tangu 2003.

Wapo wanaosema Wakenya wana mapafu ya peke yao. Mimi sikubali. Nyanda za juu tunazo Mbulu na Hanang, na Alphonce Simbu aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo Septemba 2025 hakuzaliwa Eldoret. Tofauti ni kwamba wenzetu walipeleka vijana vyuo vya Marekani tangu miaka ya 1970, wakajenga kambi Iten, na kijana anayeanza leo anakimbia nyuma ya bingwa kila asubuhi. Sisi tulimwacha kila bingwa atokee peke yake kama uyoga.

Mbio hizo zimeahirishwa mara mbili tu bila kufanyika kabisa mwaka huo: 2020 kwa sababu ya Korona, na 2012, kimbunga Sandy kilipoipiga Staten Island siku chache kabla. Meya alingoja mpaka Ijumaa ndipo akafuta mbio za Jumapili, na hasira ilikuwa kubwa kwamba majenereta na maji vilitengwa kwa wanariadha wakati watu walikuwa bado wanatafuta maiti za ndugu zao. Jumapili ile wakimbiaji wengi walivuka kwenda Staten Island na mabegi mgongoni, wakasaidia kutoa matope na taka majumbani.

Fred Lebow alipatwa na saratani ya ubongo mwaka 1990. Kwa miaka yote alikuwa ameandaa mbio hizi za wilaya tano bila kuzikimbia yeye mwenyewe. Mwaka 1992 alizikimbia, Grete Waitz wa Norway, bingwa mara tisa, akiwa ubavuni mwake, wakamaliza pamoja kwa saa 5 na nusu na ushei. Alifariki Oktoba 1994. Sanamu yake iko upande wa mashariki wa bustani, akiwa amevaa mavazi ya mazoezi na kuitazama saa yake. Kila mwaka, mbio zinapokaribia, sanamu hiyo hung'olewa na kupelekwa karibu na mstari wa kumalizia. Watu wakishakwisha kupita hurudishwa mahali pake.