Saa ya Msafiri

Mtu atokaye Igamba, akivuka mpaka wa Tunduma na kuingia Nakonde katika nchi ya Zambia, hana budi kuirudisha saa yake nyuma kwa saa moja, ingawa jua halikurudi hata hatua. Taabu hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa marubani wa Pan American, waliopita nchi nyingi kwa safari moja. Kwa ajili yao kampuni ya Rolex ilitengeneza, katikati ya miaka ya 1950, saa ya mkononi iitwayo GMT-Master.

Saa hiyo ina akrabu nne. Ya nne huzunguka mara moja tu kwa saa 24, ikionyesha namba za pete iliyouzunguka uso wa saa. Pete ikigeuzwa kwa vidole, akrabu hiyo huonyesha wakati wa nchi ya pili. Nusu ya pete ni nyekundu, ndiyo mchana. Nusu ni buluu, ndio usiku. Nazo hukutana saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, kama ihesabuvyo lugha yetu.

Pete za kwanza, za bakelaiti, zilipasuka upesi. Kwa hiyo zilizosalia hugombaniwa na wakusanyaji kwa fedha nyingi. Pan American ilikoma mwaka 1991. Ajabu ni kwamba saa ilipanda bei kazi yake ilipokwisha. Kazi yenyewe ingalipo Tunduma, ambako mchuuzi huchukua saa za nchi mbili kichwani mwake, wala hakosei ahadi.